Imani na Kauli: Dhana ya Kukua katika Safari ya Msafiri ya John Bunyan

UTANGULIZI

Ni vichache vitabu vya fasihi ya kigeni vilivyoingia Afrika ya Mashariki kwa mikono ya wamisionari na kubaki katika vinywa vya watu kama Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Sehemu ya kwanza ya kitabu hiki ilichapishwa London mwaka 1678, na sehemu ya pili mwaka 1684. Isabel Hofmeyr, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka 2004, ameonyesha kwamba kitabu kimefasiriwa katika lugha zipatazo 200, na kwamba 80 hivi kati ya hizo ni lugha za Afrika. Kiswahili kimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo kitabu hiki kina mahali pake katika jarida la lugha za Kiafrika, kwani kazi iliyosemwa kwa lugha za bara hili kwa zaidi ya karne moja haiwezi tena kuachiwa wahakiki wa Kiingereza peke yao.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mtu aitwaye Mkristo, mwenye mzigo mgongoni na kitabu mkononi, anatoka Mji wa Maangamizi kuelekea Mji wa Mbinguni. Njiani anapita kinamasi, mlango mwembamba, kilima, mabonde mawili, soko, ngome, na mwisho mto usio na daraja. Kila mahali na kila mtu amepewa jina la hali fulani ya roho. Majina yote yanayotajwa katika makala haya yamefasiriwa upya kutoka katika Kiingereza cha Bunyan, ili hoja isitegemee chaguo la mfasiri mmoja au mwingine.

Swali linaloulizwa hapa ni hili: je, imani ya Mkristo inakua? Na iwapo inakua, hukua kwa njia gani? Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza ni la mimbari na darasa. Kwa mujibu wa jibu hilo, kila taabu ni kipandio cha ngazi. Msafiri hushinda moja, akapata nguvu za kushinda inayofuata, hata akafika juu. La pili ni la wale wahakiki ambao, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, waliihesabu fasihi ya namna hii kuwa kasumba: eti ilimfundisha mtawaliwa kuvumilia mzigo wake kwa matumaini ya thawabu ya ahera. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili yanatokana na kosa moja la usomaji, nalo ni kuichukulia dhiki kana kwamba ni mtihani wa shule. Itadaiwa kwamba kinachokua katika kazi hii ni kauli ya mwamini, yaani uwezo wake wa kusema kweli juu ya nafsi yake na juu ya Bwana wake. Na kwamba kauli hiyo hukomaa katikati ya watu wengine.

MTUNZI NA GEREZA LAKE

Yafaa kwanza ikumbukwe kazi hii ilitoka wapi. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na hakuwa na elimu ya chuo kikuu. Mnamo Novemba 1660 alikamatwa kwa kosa la kuhubiri katika mikutano isiyoruhusiwa na sheria. Aliahidiwa kufunguliwa kama angekubali kuacha kuhubiri. Hakukubali, akakaa gerezani kwa muda wa miaka 12, hadi mwaka 1672. Mkewe wa pili, Elizabeth, alisimama mbele ya majaji mwaka 1661 akamtetea, akaeleza kwamba ameachiwa watoto wanne wadogo, mmoja wao kipofu. Maombi yake hayakusikilizwa. Bunyan mwenyewe alitengeneza kamba za viatu humo gerezani ili jamaa yake ipate riziki.

Habari hizi zina uzito katika uhakiki. Msimulizi wa Safari ya Msafiri anaanza kwa kusema kwamba alilala pangoni akaota ndoto, na pambizoni mwa matoleo ya mapema pango hilo lilifafanuliwa kuwa ni gereza. Mwandishi aliyekaa kifungoni kwa sababu ya kukataa kunyamaza si rahisi kumwita mwalimu wa utiifu mtupu. Lile alilolivumilia lilitokana na jambo alilolikataa. Wahakiki waliokiita kitabu hiki kasumba walikuwa na haki ya kulalamikia namna kilivyofundishwa katika baadhi ya shule za ukoloni, lakini namna ya kufundisha na kitabu chenyewe ni vitu viwili.

Historia ya fasihi ya Kenya yenyewe inatoa kielelezo cha kulinganisha. Ngũgĩ wa Thiong'o alizuiliwa katika gereza la Kamiti tangu mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978 bila ya kushtakiwa, na humo aliandika juu ya karatasi za chooni riwaya ya Kikuyu iliyotoka mwaka 1980, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Humo mna safari, mna pango, mna mashindano ya wezi na wanyang'anyi, na mna mfano wa talanta uliogeuzwa juu chini. Mwandishi huyo hakuwa mtetezi wa kanisa hata kidogo. Hata hivyo, alipotaka kuwashtaki wenye nguvu, alitumia istiara ya kidini ya jamii moja na ile aliyoitumia fundi wa Bedford. Jambo hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba istiara ya namna hii haina utiifu wa kisiasa uliojengeka ndani yake.

NGAZI YA MITIHANI

Neno la Kiswahili mtihani lina maana mbili zinazokaa pamoja: ni jaribio la shuleni, na ni tabu ambayo mja huletewa ili apimwe. Katika jamii ambamo kitabu hiki kilijulikana kwanza kupitia shule za misheni, maana hizi mbili zilikaribiana mno. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani alipanda darasa. Basi ilikuwa rahisi kwake kumwona Mkristo naye akipanda darasa: Kinamasi cha Kukata Tamaa darasa la kwanza, Kilima cha Taabu la pili, Apolioni la tatu, na kuendelea.

Maandiko yanayotegemewa na usomaji huo ni yale ya Waraka kwa Warumi, sura ya 5, ambamo dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti wa moyo, na uthabiti huo huzaa tumaini. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iitwayo ya Muungano, imetumia humo neno saburi. Mfuatano huo ni kweli una sura ya vipandio. Lakini msomaji akiufuata mpangilio wa matukio katika kazi ya Bunyan, ataona kwamba mtunzi hakujenga ngazi.

Kwanza, mzigo wa Mkristo unaanguka mapema, mbele ya msalaba, kabla ya taabu zake kubwa zote. Kama dhiki ingekuwa bei ya kuondolewa mzigo, mtunzi angeuacha mgongoni hadi mwisho. Pili, Waswahili husema kwamba baada ya dhiki ni faraja, lakini aghalabu Bunyan anapanga kinyume chake. Mkristo anapumzika katika Jumba la Uzuri, analishwa na kuvikwa silaha, na mara akishuka anakutana na Apolioni. Anapumzika kando ya mto wa maji ya uzima, na mara baada ya hapo anapotea na kuingia mikononi mwa Jitu Kata-Tamaa. Anafika Nchi ya Beula, yenye maua na nyimbo za ndege, na mbele yake umo mto wa mauti. Tatu, njia yenyewe hurudiwa. Juu ya Kilima cha Taabu Mkristo analala, anaangusha hati yake, na inambidi arudi kuitafuta. Hivyo sehemu ile ya njia aliyopaswa kuipita mara moja anaipita mara tatu.

Picha iliyo kinyume kabisa na ngazi imo katika Nyumba ya Mfasiri. Mkristo anaonyeshwa moto unaowaka ukutani, na mtu anayeumwagia maji asichoke, lakini moto unazidi kuwaka. Anapopelekwa upande wa pili wa ukuta anamwona mwingine anayeutia mafuta kwa siri. Moto haukui kwa sababu umezoea maji. Unakua kwa sababu ya mafuta ambayo anayeutazama kwa mbele hayaoni. Mhakiki asiyeizingatia picha hii mwanzoni mwa safari hataelewa kwa nini Mkristo, baada ya ushindi wake wote, bado ni mtu dhaifu.

JINA NA MHUSIKA

Yaweza kuulizwa: je, mhusika wa istiara aweza kukua? Mhusika ambaye jina lake ndilo tabia yake ni mhusika bapa. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, Majivuno ni majivuno tangu mwanzo, na Karama ni karama. Kinachobadilika ni hukumu ya baraza juu yao. Katika Safari ya Msafiri hali kadhalika, Mkaidi hukataa kuondoka mjini na Kigeugeu hurudi nyumbani mara anapotumbukia kinamasini, kama majina yao yalivyotabiri.

Lakini Bunyan amemtenga Mkristo na kanuni hii. Anapoulizwa jina na bawabu wa Jumba la Uzuri, Mkristo anajibu kwamba hapo kwanza aliitwa Asiye-Neema. Yeye basi ni mtu wa majina mawili, naye ndiye anayelitaja la zamani bila kulificha. Kukua kwake kunaanzia katika kauli hiyo. Dalili yake huonekana muda mfupi baadaye katika Bonde la Unyenyekevu. Kabla ya mapambano ya upanga, Apolioni anamsomea Mkristo orodha ya makosa yake: alizimia kinamasini, alilala usingizi, aliipoteza hati yake, alitaka kurudi alipowaona simba. Mkristo hajitetei. Anakubali kwamba yote ni kweli, na kwamba yapo mengi zaidi ambayo mshtaki ameyaacha. Mtu yule aliyetoka mjini akilia tu, asijue la kusema, sasa anaweza kumjibu mshtaki kwa kukubali shtaka na kulitaja jina la yule aliyemsamehe. Ushindi wa upanga unafuata, na msomaji wa kawaida huukumbuka huo tu. Ilhali jibu lake ndilo jambo jipya katika safari yake.

SAUTI BONDENI

Baada ya ushindi huo, msomaji wa ngazi angetarajia Mkristo aingie Bonde la Uvuli wa Mauti akiwa na uhakika. Anaingia gizani, na humo jambo la ajabu linatokea. Pepo mmoja anamnyemelea kwa nyuma na kumnong'oneza makufuru sikioni, na Mkristo anadhani maneno yale yametoka katika moyo wake mwenyewe. Huzuni hii inamwuma kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa hawezi kutofautisha sauti yake na sauti ya adui.

Hapa Bunyan aliandika jambo alilolijua. Katika tawasifu yake ya mwaka 1666 alisimulia jinsi alivyosumbuliwa muda mrefu na maneno yaliyomjia bila hiari, asijue kama ni yake. Ikiwa kukua kwa imani ni kukua kwa kauli, basi hatari kubwa kabisa ni hii ya kunyang'anywa kauli. Na dawa yake? Mkristo anasikia mbele yake gizani sauti ya mtu mwingine akilikariri neno la Zaburi juu ya bonde hilo hilo. Hamwoni mtu huyo wala hamjui. Lakini anatambua kwamba yumo mwingine bondeni amchaye Mungu, na kwamba si yeye peke yake aliyeachwa humo. Sauti ya mtu wa pili ndiyo inayomrudishia yake. Jambo hili linabomoa wazo kwamba Safari ya Msafiri ni hadithi ya mtu mmoja anayejikuza kwa juhudi zake.

LUGHA YA KANAANI

Mara baada ya mabonde Mkristo anampata Mwaminifu, na wawili hao wanakutana na Domokaya. Huyu ni mwana wa Bwana Sema-Vizuri, hodari wa kuzungumzia toba, kuzaliwa upya, sala na mengineyo, na Mwaminifu anavutwa naye kwa muda. Domokaya anaijua istilahi yote ya imani. Kasoro yake ni kwamba hajapita popote. Mwaminifu anapomwuliza kama maneno yake yana ushahidi katika maisha yake, anaona haya, kisha anakasirika na kuwaacha. Mtunzi amemweka Domokaya hapa kwa makusudi, baada ya mabonde na kabla ya soko, ili msomaji apate kipimo: kauli isiyopitia dhiki ni domo tupu.

Katika Soko la Ubatili kipimo hicho kinatumiwa kwa ukali. Wasafiri wanashangaza watu kwa mambo matatu: mavazi yao, kutojali kwao bidhaa, na usemi wao, kwa kuwa wanasema lugha ya Kanaani ambayo wachuuzi hawaielewi. Wanapigwa, wanatiwa matope, wanafungwa kizimbani, kisha wanapelekwa mbele ya Jaji Chukia-Wema. Mashahidi ni Husuda, Ushirikina na Mjipendekezi. Kesi hiyo ni dhihaka ya mahakama, na mtunzi aliijua mahakama ya namna hiyo kwa macho yake.

Ulinganifu na Kusadikika hauepukiki. Karama naye alishtakiwa kwa mafunzo yake, akajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe sita, na utetezi wake ukamwokoa. Shaaban Robert aliamini kwamba hoja njema ikisemwa vizuri yaweza kumgeuza mtawala. Bunyan hakuwa na matumaini hayo. Mwaminifu anajitetea vema, kisha anateswa na kuchomwa moto. Mkristo, aliyeshtakiwa pamoja naye, anarudishwa kifungoni na baadaye anaponyoka. Maandiko hayasemi kwamba mmoja alistahili kifo na mwingine uhai. Hakuna aliyefaulu wala aliyeanguka.

Tunda la kesi hiyo linaonekana mahali ambapo usomaji wa ngazi haukutazamia. Mtu wa soko lile lile, aitwaye Tumaini, anageuka kwa kuyatazama maneno na mwenendo wa wafungwa, anaungana na Mkristo na kuwa mwenzake wa njia. Dhiki ya Mwaminifu imezaa imani katika mtu mwingine. Mfuatano ule wa Warumi, wa dhiki, saburi, uthabiti na tumaini, umetimia hapa. Lakini umetimia katika watu watatu, na Tumaini ni mtu mwenye jina na miguu.

UFUNGUO KIFUANI

Neno majaribu, ambalo Wakristo wa Kiswahili hulitumia sana, hubeba kwa pamoja dhiki anayoletewa mtu na kishawishi kinachomvuta. Wafasiri wengine wameliona hilo kuwa upungufu wa lugha. Kwa Safari ya Msafiri ni faida, maana Bunyan naye hazitenganishi. Mkristo na Tumaini wanaingia Ngome ya Shaka kwa sababu njia iliwaumiza miguu, wakaona malisho laini ng'ambo ya ua, na Mkristo ndiye aliyemshawishi mwenzake kuingia humo. Mzee katika imani ndiye aliyempoteza kijana. Jitu Kata-Tamaa linawafunga tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku, linawapiga, na kwa shauri la mkewe linawahimiza wajiue kwa kisu, kwa kitanzi au kwa sumu.

Katika siku hizo, anayekaribia kulifuata shauri la jitu ni Mkristo, na anayemzuia ni Tumaini. Na namna anavyomzuia inastahili kuangaliwa: anamkumbusha. Anamtajia Apolioni, bonde, soko, na ushujaa aliouonyesha huko. Ikiwa ushindi wa zamani ungekuwa umegeuka nguvu ndani ya Mkristo, asingehitaji kukumbushwa. Ushindi huo umebaki kama hadithi, na hadithi hiyo iko salama zaidi katika kinywa cha mwenzake. Usiku wa Jumamosi wanaanza kuomba, na karibu na mapambazuko Mkristo anakumbuka kwamba ana ufunguo kifuani uitwao Ahadi. Alikuwa nao wakati wote. Ufunguo haukutengenezwa na mateso ya siku nne zile, wala mateso hayakuunoa.

Wakishatoka, jambo la kwanza wanalolifanya ni kusimamisha nguzo penye njia ya kando na kuandika juu yake onyo kwa watakaofuata. Hivyo hata kosa lao limegeuzwa maandishi ya kuwafaa wengine. Mbele kidogo, katika nchi yenye hewa ya usingizi, wanajizuia wasilale kwa mazungumzo: Tumaini anasimulia jinsi alivyoamini, na Mkristo anamwuliza maswali. Kwa Bunyan masimulizi ndiyo yanayowaweka macho.

MTONI

Ushahidi mkubwa wa hoja hii umo mwishoni. Mto wa mauti hauna daraja, na kina chake huongezeka au hupungua kwa kadiri ya imani ya anayevuka. Kwa msomaji wa ngazi, Mkristo alipaswa kuvuka kwa miguu mikavu. Badala yake anazama, anaingiwa na giza na hofu, anasahau karibu kila jema aliloliona njiani, na Tumaini, aliyeamini majuzi tu katika soko, anakishikilia kichwa chake kisizame. Hatimaye Mkristo anapata ardhi chini ya miguu yake, na wote wawili wanavuka.

Kisha mtunzi anamleta mvukaji mwingine. Huyu ni Jahili, ambaye hakupitia mlango mwembamba. Aliingilia kichochoro kutoka nchi ya Majikwezo, na katika safari yake yote hakupatwa na neno. Anafika mtoni, anamkuta mvushaji aitwaye Tumaini-la-Bure, anavushwa kwa mashua bila taabu, na anapanda mlimani peke yake. Langoni anaulizwa hati. Anapapasa kifuani na hana kitu. Anaulizwa, na hana neno la kujibu. Anafungwa na kupelekwa penye mlango wa upotevu, na ndoto inaishia hapo.

Mwisho huo ni mkali, na mhakiki ana haki ya kusema kwamba ni mkali kupita kiasi: Jahili hakutenda uovu unaolingana na adhabu yake. Lakini kwa upande wa ujenzi wa kazi, wavukaji hawa wawili hawawezi kutenganishwa. Aliyekaribia kuzama aliingia, na aliyevuka kwa wepesi alikataliwa. Kwa hiyo wepesi wa kupita katika taabu si ushahidi wa imani iliyokua, na hofu si ushahidi wa imani iliyodumaa. Jambo hili lina maana katika Afrika ya Mashariki ya leo, ambako mahubiri ya mafanikio yamewazoeza wengi kumpima mwamini kwa namna alivyoondokewa na shida. Kwa kipimo hicho, mjane aliyebaki na madeni na mgonjwa asiyepona wamefeli mtihani. Bunyan angewajibu wahubiri hao kwa kuwaonyesha mashua ya Tumaini-la-Bure.

HOJA YA MKE NA WATOTO

Msomaji wa Kiafrika ana shutuma moja ambayo haiwezi kupuuzwa. Mkristo anaanza safari yake kwa kuwakimbia mkewe na watoto wake huku ameziba masikio kwa vidole ili asiwasikie wakimwita. Katika jamii ambazo utu wa mtu hupimwa kwa jamaa yake, wokovu wa namna hii una sura ya utoro. Kusema kwamba ni istiara tu hakutoshi, maana istiara nayo hufundisha kwa picha inazozichagua.

Jibu lililo bora limetolewa na Bunyan mwenyewe katika sehemu ya pili, miaka sita baadaye. Humo mke na wana wa Mkristo wanafuata njia ile ile pamoja na jirani yao, wakiongozwa na Moyo-Mkuu, na kila wanapofika wanaongezeka. Wamo viwete, wazee na waoga. Ngome ya Shaka, ambayo wawili waliponyoka tu, sasa inabomolewa, na jitu lake linauawa. Ni kana kwamba mtunzi alikisoma kitabu chake na kuona kilichopungua. Shule nyingi zimefundisha sehemu ya kwanza peke yake, na kwa kufanya hivyo zimewapa wanafunzi picha ya msafiri mpweke ambayo mtunzi aliisahihisha.

Katika kundi hilo yumo binti aitwaye Hofu-Nyingi. Yeye na baba yake waliokolewa kutoka katika ngome hiyo. Zamu yake ya kuvuka inapofika, anapita mtoni akiimba, lakini hakuna hata mmoja wa waliobaki ng'amboni anayeweza kuelewa anachosema. Sehemu ya kwanza iliwaonyesha wachuuzi wa soko wasioielewa lugha ya Kanaani. Hapa wasioelewa ni waumini wenyewe. Kauli ya binti huyo imekua kupita masikio ya wenzake, naye alikuwa mwoga maisha yake yote.

TAMATI

Imejadiliwa kwamba Safari ya Msafiri haitoi ngazi ya mitihani wala kasumba ya utiifu. Inamwonyesha mtu ambaye nguvu zake hazizidi, lakini maneno yake yanazidi kuwa ya kweli, naye anayapata, anayapoteza na kurudishiwa kupitia watu wengine: sauti gizani, rafiki kifungoni, mkono mtoni. Anayekifasiri kitabu hiki upya kwa Kiswahili, au kukifundisha, hana budi kuangalia maneno anayoyachagua. Mtihani litamrudisha msomaji darasani. Majaribu litamweka njiani, mahali ambapo mtunzi alimtaka awe. Na sehemu ya pili isiachwe nje ya mtaala kwa kisingizio cha urefu, kwani ndiyo inayowaonyesha wasomaji wa jamii hizi kwamba jamaa walioachwa mlangoni nao walisafiri.